Dhamana ya eBay kwa mnunuzi wa Nairobi na Dar: nzuri, ila inaishia Delaware

Kwa anayenunua laptopu, kamera au lenzi ya mtumba kutoka Marekani, eBay bado ni miongoni mwa masoko ya mtandaoni yenye utaratibu mzuri wa kuamua ugomvi wa mnunuzi na muuzaji. Tangazo likisema RAM ni GB 16 ukakuta 8, unarudishiwa pesa hata kama muuzaji ameandika kwamba bidhaa hairudishwi. Shida ni kwamba dhamana hiyo imetengenezwa kwa mtu anayepokea mzigo mlangoni kwake na kuufungua papo hapo. Anayeletewa na wakala wa mizigo, anayempokelea kwenye ghala la Marekani kisha kumtumia huku, anabaki na sehemu ndogo tu ya ulinzi huo.

Masharti yanasema mzigo ukishafikishwa kwenye anwani ya kwanza, kisha ukatumwa kwingine, dhamana imekwisha. Kwa eBay, bidhaa yako "imefika" siku ilipopokelewa kwenye ghala la wakala, mara nyingi Delaware, jimbo lisilotoza kodi ya mauzo. Siku 30 za kulalamika zinahesabiwa kuanzia hapo. Mzigo wa ndege unaweza kukufikia ndani ya muda huo, lakini wa meli kwa kawaida hauwezi. Na hata ukiwahi, kwa masharti hayo dhamana haipo tena, na lebo ya kurudishia bidhaa anayoilipia muuzaji ni ya usafiri wa ndani ya Marekani. Laptopu ikishafika Kariakoo au Luthuli, nauli ya kuirudisha ni juu yako, na inaweza kukaribia bei uliyonunulia.

Kwa hiyo ukaguzi ufanyike ghalani, kabla mzigo haujaondoka. Mawakala wengi hupiga picha kwa ada. Wasiofungua boksi kabisa, usiwapitishie kitu cha bei kubwa. Kwa laptopu, omba picha nne: lebo ya boksi yenye uzito, namba ya utambulisho ya mashine (serial number) iliyo chini yake, skrini ikiwa imewaka, na ukurasa wa kwanza baada ya kuwaka. Hiyo ya nne ndiyo muhimu kuliko zote. MacBook nyingi za bei poa zilikuwa mali ya makampuni, na ukianza kuiweka upya inakuletea ukurasa wa usimamizi wa mbali unaodai idhini ya mwenye mali. Kwenye ThinkPad, laptopu za Lenovo, nenosiri la msimamizi la BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) katika matoleo ya karibuni haliondoki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi. Jibu rasmi la Lenovo ni kubadilisha bodi. Fundi atakwambia anayo dawa yake. Sawa, lakini hiyo ni gharama ambayo muuzaji alipaswa kuibeba.

Kasoro ikionekana, angalia sana sababu unayochagua unapofungua madai. Ukichagua kwamba umebadili mawazo, nauli inaweza kuwa yako na muuzaji asiyepokea marejesho anakukatalia. Ukichagua kwamba bidhaa hailingani na maelezo, nauli ni yake. Nukuu sentensi ya tangazo, kisha weka picha inayoipinga: "Tangazo linasema betri inashika chaji, picha ya 3 inaonyesha mashine inazimika ikichomolewa umeme." Hasira haisaidii, anayeamua anasoma haraka. Muuzaji ana siku 3 za kazi za kutatua. Zikipita, iombe eBay iingilie. Akikwambia "funga kesi, nitakurudishia dola 40", subiri pesa ziingie kwanza, maana kesi uliyoifunga mwenyewe haifunguliwi tena. Mazungumzo yote yabaki ndani ya ujumbe wa eBay. Ukilipa nje, kwa Zelle (huduma ya Marekani ya kutumiana pesa) au kwa kutuma benki, dhamana hakuna kabisa.

Udhaifu mkubwa wa eBay uko kwenye ufuatiliaji wa mzigo. Kuna walaghai wanaotuma bahasha tupu kwenye anwani nyingine ya mji uleule. Mfumo unaandika "imefikishwa" na madai ya kutopokea yanakataliwa. Hapa wakala mzuri ana faida, kwa sababu kila mteja ana namba yake ya ghala na kila boksi linapimwa. Omba rekodi ya mapokezi ya siku hiyo, na mtake msafirishaji athibitishe anwani na uzito. Kifurushi cha gramu 200 hakiwezi kuwa na laptopu ya kilo 1.5. Ukishindwa, kata rufaa ukiwa na karatasi hizo mkononi.

Kuna njia ya kudai pesa kupitia benki ya kadi uliyolipia pia, au PayPal, ambayo inakubali malalamiko hadi siku 180 tangu kulipa. Ila usiendeshe njia mbili kwa pamoja. Ukipeleka shauri benki, eBay inaacha la kwake, nawe umebaki na benki ambayo pengine haina uzoefu wa kupigania muamala wa ng'ambo.

Muuzaji naye huonewa. Tangu 2008 haruhusiwi kumpa mnunuzi alama mbaya, na wapo wanaochomoa RAM nzuri wakarudisha mashine na mbovu. Ndiyo maana muuzaji makini huonyesha namba za vipuri kwenye picha, na kwa bidhaa ya dola 750 na kuendelea hutaka sahihi ya mpokeaji. Ukiona tangazo la namna hiyo, lipe kipaumbele hata likizidi dola 20. Lenye picha moja iliyochukuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, maneno "haijajaribiwa" au "kwa vipuri tu", muachie fundi anayehitaji kioo na kibodi.