Data za tornado za SPC: safisha kwanza, chora baadaye

Jedwali la tornado la SPC, kituo cha Marekani cha utabiri wa dhoruba, linapatikana bure na linaanzia 1950. Kwa ramani za njia za tornado, ni pazuri sana pa kuanzia. Ila usilimimine kwenye ramani lilivyo.

Kasoro inayowaumbua wengi iko kwenye safu za elat na elon, yaani latitudo na longitudo za mahali tornado ilipoishia. Pasipojulikana mahali hapo pameandikwa 0, basi programu huchora mstari kutoka Oklahoma hadi Ghuba ya Guinea. Chuja sufuri hizo, ubakize nukta ya mwanzo tu. Kisha tazama safu ya sg: tornado iliyovuka mpaka wa jimbo ina mstari wa jedwali wa njia nzima (sg ni 1) pamoja na mistari ya vipande vya kila jimbo (sg ni 2). Ukijumlisha yote, umeihesabu mara kadhaa.

Urefu uko kwa maili, upana kwa yadi. Na upana una mtego: hadi katikati ya miaka ya 1990 uliandikwa wa wastani, baadaye wa juu kabisa. Usilinganishe enzi hizo mbili.

Nguvu hukadiriwa kwa uharibifu, hivyo tornado kali iliyopita mashamba matupu huweza kupewa daraja dogo.

Ripoti za awali za kila siku za SPC, ambazo si jedwali hili, zitumie kwa haraka tu. Tornado moja ikiripotiwa na watu watatu, huweza kutokea nukta tatu.