Kusaga Dona kwenye Mashine ya Mtaani Igoma: Uzoefu Wangu

Tangu niache kununua sembe ya viroba dukani, unga wa nyumbani kwangu husagwa kwenye mashine moja ya mtaani huku Igoma, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wakazi wenzangu wa Mwanza wanaosita kwa kuhofia usumbufu. Usumbufu upo, hasa foleni ya Jumamosi na umeme unapokatika, lakini unga wenyewe unastahili kusubiriwa.

Mteja huja na mahindi yake, hupimiwa kwenye mizani, kisha huulizwa kama anasaga dona au anakoboa kwanza. Mimi husaga dona, kwa sababu kukoboa huondoa ganda pamoja na kiini, na kiini ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mafuta ya punje. Mafuta ya mahindi tunayoyaona madukani hukamuliwa humo humo. Ugali wa dona unanukia mahindi, unashibisha, na kwa mchuzi wa sato au dagaa wa kukaanga sijaona unga wa dukani unaoufikia. Hukoboa kiasi kidogo tu kwa ajili ya makande, na pumba zake huwapa kuku.

Kilichonifanya niiamini mashine hii ni umakini wa msagaji. Huzamisha mkono ndani ya gunia, huchukua punje na kuing'ata, na isipovunjika kwa mlio mkavu hakubali kusaga. Nilimsikia akimwambia mteja mmoja, “Mama, haya bado mabichi, kayaanike kwanza,” ingawa angeweza kupokea fedha na kunyamaza. Hilo si jambo dogo, kwani mahindi yenye unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ambayo haiishi kwa kusongwa ugali. Kwa hiyo, kabla ya kwenda mashineni, chambua mahindi yako kwenye ungo na uondoe punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizooza, wala usiwape kuku, kwa kuwa sumu hiyo huwadhuru nao pia.

Unga hutoka kinuni ukiwa wa moto. Ukiufunga hivyo hivyo, mvuke wake hugeuka maji ndani ya mfuko na unga hushikana mabonge, kwa hiyo mimi huutandaza juu ya turubai safi hadi upoe kabisa. Dona pia haikai muda mrefu kama sembe, maana mafuta ya kiini huchacha na unga ukawa mchungu. Ni afadhali kusaga kidogo kidogo na kuyahifadhi mahindi yaliyobaki yakiwa punje, makavu, ndani ya mifuko isiyopitisha hewa.

Lalamiko langu kubwa ni udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Kinu kile kile husaga muhogo, na mteja anayefuata hupata unga wa mwanzo wenye harufu kali ya udaga, ambayo katika uji wa mtoto haifichiki. Ukiomba, msagaji hupitisha kwanza konzi chache za mahindi yako na kuziweka kando, lakini usipoomba hafanyi hivyo. Mashine inayopokea wateja wengi kiasi hicho ingepaswa kutenga kinu cha muhogo peke yake, na nimekwisha kumweleza mwenye mashine hivyo.