TAHADHARI wenye pikipiki Arua, Koboko na Yumbe: "fundi wa GPS" anayedai ada ya setilaiti

Habari za kazi, wanaboda na wote mnaotumia pikipiki huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kuna kijana anazunguka kwenye steji zetu akiuza GPS, vile vifaa vya ramani vya kukuonyesha njia, za kufunga kwenye usukani. Mimi ameshanila shilingi 410,000, na nusura anichomee pikipiki. Jina lake siandiki, jalada liko polisi na nimeombwa nisiliharibu. Ila nikikueleza anavyofanya kazi utamjua hata akivaa kofia nyingine.

Hana duka. Anakuja na begi la mgongoni, mpole, Kiswahili chake safi, anakuita "mkubwa" kila sentensi ya pili. Kwenye simu ana picha za pikipiki kubwa za Wazungu wasafiri zikiwa na GPS nzuri, anasema zote alifunga yeye. Anataka umlipe kwa simu kabla hajashika spana. Nilipokuwa natuma, jina lililotokea kabla sijaweka PIN lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema ni la dada yake. Hapo ningerudisha simu mfukoni, lakini nilikuwa na haraka.

Haraka yenyewe ni hii: napeleka mizigo midogo, dawa za mifugo na spea, hadi mji wa Moyo na ndani ya Bidi Bidi, ile kambi ya wakimbizi ya Yumbe. Anayepajua kule anajua njia zinavyofanana, na mtandao unavyokatika ukiwa katikati ya vichaka. Nilitaka kifaa chenye ramani ndani yake, kisichotegemea bando. Akaniambia anacho, 350,000 pamoja na kufunga, "hakiingii maji kabisa", halafu kila mwezi 30,000 ya setilaiti. Nisipolipa, setilaiti inanikata.

Wazee, hiyo ada haipo. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, zinaruka kilomita kama 20,000 juu yetu na kutuma mawimbi kwa kila mtu bure. Kifaa chako kinasikiliza tu, kama redio. Kikisikia setilaiti nne kinajua kilipo, na setilaiti haina habari kwamba wewe upo duniani. Zamani Wamarekani waliyapotosha makusudi mawimbi ya raia, wakaacha Mei 2000. Hawajawahi kumtuma mtu Arua kukusanya 30,000.

Basi kwa nini mwezi ulipoisha ramani ilijifunga kweli? Nilimpelekea kifaa, akaenda nacho nyuma ya kibanda cha chapati, dakika kumi akarudi nacho kikifanya kazi, nikalipa na kushukuru. Baadaye fundi simu mmoja rafiki yangu alikifungua akacheka mpaka akakaa chini. Ndani kulikuwa na programu ya ramani ya majaribio ya siku 30. Jamaa alikuwa anaifuta na kuiweka upya, basi. Rafiki yangu akaiondoa, akaniwekea OsmAnd, programu nyingine ya ramani, yenye Uganda nzima kutoka OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, bure, na inafanya kazi bila mtandao. Na niwaambie, ramani hiyo kwa Bidi Bidi ni nzuri kushinda za makampuni makubwa, kwa sababu hao watu wa kujitolea waliichora kambi kwa makini: visima, shule, vijia.

Na kifaa chenyewe ni cha gari, cha kubandika kwenye kioo. Tundu la chaji halina kifuniko wala mpira wa kuzuia maji. Skrini yake ukiitazama saa saba mchana unaona uso wako mwenyewe. Stika ya "waterproof" aliibandika yeye, nilipoikwangua kwa kucha ikatoka.

Hayo yote ningeyasamehe. Nisiyoyasamehe ni waya.

Kwanza aliunga moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia kwenye ufunguo. Maana yake kigeuzi kile kinachopokea volti 12 na kuzifanya 5 kinakula umeme usiku kucha, na kifaa chenyewe kikibaki kimewaka ndiyo kabisa. Piga hesabu: betri yangu ni ya ampea-saa 5, yaani ukivuta ampea moja inaisha kwa saa tano. Kifaa na kigeuzi pamoja vinavuta karibu nusu ampea. Nikipaki saa mbili usiku, saa kumi na mbili asubuhi hakuna kitu. Wiki ya kwanza selfu ikakataa mara tatu, nikawa napiga kiki huku abiria ananitazama kwa huruma. Nilimpigia, akaniambia betri yangu imezeeka, ana nyingine ya kuniuzia. Unaona?

Pili, hakuweka fyuzi. Hata moja. Waya mwembamba kama uzi wa spika za masikioni za simu ukatoka kwenye chanya ya betri, ukapita chini ya tanki, ukapanda shingoni mwa usukani, na pale akaukaza kwa kamba ya plastiki hadi ukashikana na fremu. Kila ukigeuza usukani chuma kinausaga. Ulichukua wiki sita kutoboka. Siku hiyo natoka Koboko naelekea Yumbe, vumbi jekundu, nikasikia harufu ya plastiki nikadhani ni lori lililo mbele. Kisha moshi ukatoka kati ya mapaja yangu. Chini ya tanki, ndugu zangu, tanki lenye lita nane za petroli.

Niliirusha pikipiki pembeni, nikang'oa kifuniko cha ubavuni na kuuvuta ule waya kwa mkono uliofungwa koti. Vidole viwili vina alama mpaka leo. Waya za indiketa na honi zilizokuwa jirani nazo ziliyeyuka zikashikana. Fundi wa Yumbe alinitoza 60,000 kuzitenganisha, na hizo sikuzihesabu kwenye zile 410,000. Fyuzi ya ampea 3 ni bei ya soda. Ingekatika palepale waya ulipogusa fremu, mimi ningejua tu kwamba GPS imezimika.

Kwa hiyo mtu yeyote akitaka kukufungia, awe huyu au mwingine, simama umwangalie. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi shubiri moja kutoka kwenye chanya, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Umeme wa kuwashia auchukue kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa tu. Wa honi au wa taa ya breki unafaa. Asiguse waya wa taa kubwa ya mbele: pikipiki nyingi ndogo taa hiyo inalishwa moja kwa moja na koili za injini, umeme wake unapanda na kushuka na mlio, na si wa aina moja na wa betri. Kigeuzi kinaweza kufa siku hiyohiyo. Mwambie apime kwa testa mbele yako. Injini ikiwa imezimwa betri nzuri inasoma kama volti 12.6, ikinguruma inafika 14 na kitu. Ukiona inapita 15, tatizo ni regyuleta yako, kile kidude kinachozuia umeme wa kuchaji usipande mno, itengeneze kwanza kabla hujafunga chochote.

Akimaliza, washa injini isimame kwenye mlio wa chini, ugeuze usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya wake unavuta kebo ya mafuta. Hilo linaua kwenye kona.

Kishikio nacho kilikuwa cha baiskeli, akajaza pengo kwa vipande vya tyubu. Kipande kimoja cha mpira ili kisiteleze ni sawa, lakini vinne ni utani. Usukani wa pikipiki zetu ni bomba la milimita 22, kishikio cha kipimo hicho kipo. Funga na kamba ya usalama, barabara ya mashimo hailegezi boliti kwa kuomba ruhusa. Wale wanaosema "mimi naweka simu tu": Apple wenyewe walionya mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki zenye nguvu unaweza kuharibu kamera ya iPhone ikifungwa kwenye usukani. Mimi sina iPhone, lakini mwenye nayo asikie.

Nasikia siku hizi anauza pia vile vifaa vya kufuatilia pikipiki ikiibiwa. Hivyo vinahitaji laini kweli, kwa sababu lazima vitume ujumbe, kwa hiyo bando hapo si uongo. Lakini anaweka laini aliyosajili yeye na nywila anabaki nayo yeye. Fikiria: mtu aliyekudanganya setilaiti anajua pikipiki yako inalala wapi. Laini sajili mwenyewe kwa kitambulisho chako, na nywila ya kiwandani ibadilishe kabla hajaondoka.

Kama ameshakufungia, usingoje wikiendi. Toa kiti usiku huu, legeza hasi ya betri kwanza, kisha ondoa waya wake kwenye chanya, funga ncha kwa tepu. GPS itakaa bila kuwaka, haidhuru. Jumamosi asubuhi niko steji karibu na soko kuu Arua, nina testa na pakiti ya fyuzi. Njoo na pikipiki tuangalie pamoja, sitozi. Njoo pia na meseji za malipo yako, usizifute, polisi wanazitaka, na tukiwa wengi jalada linakuwa zito.

Juzi nikiwa nasubiri feri Laropi nivuke kwenda Adjumani, ikaingia meseji kwa namba ngeni: "Mkubwa, mwezi huu hujalipa, setilaiti yako inakatwa kesho." Namba hiyo nayo nimewapelekea.