Macho ya stika kwa vyambo vya plastiki laini: mazuri kweli, ila hayashiki, na lile jibu la muuzaji sijalisahau

Siku hiyo nafungua boksi la vyambo asubuhi na mapema nikakuta macho yako chini. Yani yametoka yote, yamejikusanya kwenye kona ya boksi kama magamba ya samaki, na vyambo vyangu 14, yani samaki bandia wa kuvulia nilivyomimina mwenyewe kwa plastiki ya moto, nikavipaka rangi mgongoni, nikaviwekea vimetameta tumboni, vimelala pale vipofu. Vyambo 14 ni macho 28, na nilikuwa nimeyabandika moja moja kwa kibanio, nimeinamia meza mpaka shingo ikakakamaa. Nilikaa nikayaangalia tu.

Saizi na rangi sielezi, hayo yameandikwa kwenye paketi kila mtu atasoma. Ninachotaka kusema ni hivi: tangazo lilisema wazi kabisa kwamba macho haya yanashika kwenye plastiki laini. Hilo neno laini ndilo lililonifanya nikanunua paketi tatu kwa mpigo, maana macho ya kubandika kwenye chambo kigumu yako kila mahali, shida yetu sisi tunaomimina wenyewe ni hawa samaki wa mpira wanaopindapinda.

Nikachukua jicho moja nikaligeuza. Ile gundi ya nyuma imekuwa kamasi. Ukiigusa na kidole inavutika uzi, na pale shavuni kwa chambo limebaki duara la mafuta linang'aa. Hapo mtu yeyote aliyewahi kumimina plastiki anajua kimetokea nini. Plastisoli ni unga wa PVC uliochanganywa na kilainishi cha majimaji ya mafutamafuta, ukiipasha moto hadi nyuzi 170 hivi inaungana inakuwa mpira, ila kile kilainishi hakifungwi moja kwa moja, kinaendelea kutoka kidogokidogo kama jasho siku hadi siku, na jasho hilo ndilo linaloyeyusha gundi ya stika. Ni jambo lilelile linalofanya ukiacha chambo laini ndani ya boksi la plastiki isiyofaa unakuta kimegandana nalo na sehemu ya chini imeyeyuka. Sio siri hii. Anayeuza macho ya vyambo laini anatakiwa ajue kuliko mimi.

Na kabla hujaniuliza, ndiyo nilivisafisha. Niliviosha kwa sabuni ya vyombo, nikaviacha vikauke, nikavifuta kwa spiriti, ndipo nikabandika. Siku ya kwanza yalishika vizuri sana nikafurahi nikawaonyesha na watu. Sijui ilichukua siku ngapi, wiki haikufika.

Nikamwandikia muuzaji. Kwa adabu kabisa, habari za kazi ndugu yangu, samahani kwa usumbufu, macho niliyochukua kwako yamebanduka yote, nifanyeje? Akajibu maneno mawili. "Osha mikono."

Basi. Hakuna pole, hakuna umetumia plastiki gani, hakuna nitumie picha. Nikamtumia picha mwenyewe, ya ile kamasi kwa karibu, nikamweleza na habari ya kilainishi, nikasema labda tangazo libadilishwe lisije likamponza mwingine. Akasema wenzako wanabandika na hawalalamiki, we ndo hujui kutumia. Halafu kimya, meseji zinasomwa, hajibu. Mimi nimeanza kumimina vyambo siku nyingi, nimeungua vidole, nimeharibu sufuria, nimejifunza kwa jasho langu, halafu mtu ananiambia nioshe mikono kama mtoto anayeitwa mezani. Iliniuma sana, na ninavyoandika hapa bado inaniuma.

Sasa niseme haki. Macho yenyewe ni mazuri. Sijawahi kupata macho mazuri hivi. Ukilishika jicho dhidi ya mwanga mboni inaonekana iko ndani kabisa, sio juu, na ukiligeuza ule mng'ao wa pembeni unazunguka nalo kama jicho la samaki hai aliyetolewa majini sasa hivi. Nilibandika mawili kwenye chambo cha mbao kilichopakwa rangi, nikapitisha vanishi juu, mpaka leo yapo. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa mbao au plastiki ngumu, nunua, tena usisite. Nimeshasema.

Ila kwa vyambo laini ilibidi nihangaike mwenyewe. Nikaanza na supaglu ile nzito ya jeli. Inashika, sikatai, lakini ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na kichwa cha chambo kinapinda, samaki akiuma mara mbili tatu ukingo unaanza kunyanyuka, na ukizidisha tone mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya jicho, uzuri wote unapotea. Epoksi nayo ilichomoka nzima nzima kama kifungo cha shati. Haishikani na plastisoli hata uifanyeje.

Kilichonisaidia ni kuacha kutafuta gundi. Plastisoli inashikana vizuri na plastisoli mwenzake ikiwa ya moto, basi jicho lisibandikwe, lifungiwe ndani. Nilichukua bolti ndogo yenye kichwa kinacholingana na jicho, nikaipasha, nikaigusisha shavuni sekunde moja tu, ikaacha kishimo safi. Nikalikwangua jicho gundi yake yote ya nyuma, nikalilaza mle ndani, halafu juu nikadondosha tone la plastisoli isiyo na rangi, likatambaa mpaka kwenye ukingo na kuungana na shavu. Jicho limekaa mle kama kioo kwenye fremu. Pinda kichwa unavyotaka, halitoki, na lile tone linaongeza kina, mboni inakuwa kama inakufuata.

Angalia joto tu, mawili ya kwanza yalikunjamana yakawa ya njano kwa sababu nilimimina ikiwa imechemka mno, iache ipoe kidogo ila isianze kuganda. Na madirisha wazi jamani, PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi inakaba koo, na hata tone moja la maji likiingia kwenye plastiki ya moto inaruka, vaa glovu na miwani. Sasa hivi natengeneza moldi mpya ya kumiminia nikiwa nimeweka shanga pale penye jicho ili kishimo kitoke tayari, nadhani nitapunguza kazi nusu.

Nilienda nacho majini chambo kimoja cha namna hiyo. Maji yalikuwa meupe, nikaona kwa macho yangu samaki anakifuata pembeni, anapunguza mwendo, anakuja anakimeza kuanzia kichwani. Kichwani! Nilipomtoa ndoana nikaangalia jicho kwanza kabla ya samaki. Lilikuwa na mchubuko wa meno juu ya lile tone, lakini lipo. Niliruka.

Kwa hiyo nilikuja hapa nimejipanga kutoa nyota tatu, kwa ajili ya uzuri wa macho, na nimalize kwa amani. Lakini kabla ya kuandika nikapita kwenye tangazo lake. Bado limeandikwa vilevile, yanashika kwenye plastiki laini, na mwenyewe picha ya kamasi anayo kwenye simu yake. Yani kuna mtu ameanza juzi kumimina, ameokoteza vifaa kwa shida, atabandika hayo macho, yatamtoka, na atakapouliza ataambiwa mikono yake ni michafu na ataamini. Hapana. Nyota moja. Kama kungekuwa na sehemu ya kupima macho peke yake bila muuzaji ningetoa tano na nisingepunguza hata nusu.

Paketi mbili zilizobaki nitazitumia kwenye vishimo. Na yale yaliyotoka nayaosha hapa kwenye kisosi, moja moja, natoa ule utelezi kwa pamba na spiriti. Nimeshapata 22, mengine sita bado nayatafuta ndani ya boksi.