Kuzisaka salsa zilizosahaulika ndani ya Discogs

Ukitaja salsa, wengi watakujibu Celia Cruz, Héctor Lavoe, Willie Colón na Rubén Blades, kisha wataishia hapo. Hao wanastahili sifa zao zote. Lakini salsa ya New York ya miaka ya 1960 na 1970 ilibebwa na wapiga vyombo, wapangaji wa muziki na waimbaji ambao majina yao yalikaa nyuma ya jalada kwa herufi ndogo, au walitoa santuri mbili tatu kwa lebo ndogo kisha wakasahaulika. Kwa kazi ya kuwafukua watu hao, chombo bora kilichopo ni Discogs, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za santuri iliyoanzishwa na Kevin Lewandowski huko Oregon, Marekani, mwaka 2000. Ni hifadhi na soko kwa pamoja. Kama hifadhi, ni ya daraja la kwanza. Kama soko, ni nzuri kwa mnunuzi anayejua anachokitazama, na inaweza kumla pesa asiyejua.

Nguvu yake iko kwenye majina ya walioshiriki. Chukua Concepts in Unity ya Grupo Folklórico y Experimental Nuevayorquino, albamu ya santuri mbili iliyotolewa na lebo ya Salsoul mwaka 1975. Kundi hili halikuwa la kupiga harusi wala ukumbi wa dansi. Walikuwa wapigaji waliokutana kurekodi rumba, guajira, plena na nyimbo za ibada za Kiafrika-Kikuba bila kuzibana kwenye mtindo wa redio. Kwenye ukurasa wake utawakuta ndugu wawili Jerry na Andy González, konga na besi, Manny Oquendo, Frankie Rodríguez na Milton Cardona kwenye ngoma, Nelson González kwenye tres (gitaa dogo la Kikuba), Oscar Hernández kwenye piano, sauti ya Virgilio Martí, na tarumbeta ya Chocolate Armenteros. Kila jina linabonyezwa. Ukibonyeza la Armenteros, zinakufungukia santuri zake mwenyewe na zile alizowapigia wengine, zikiwa zimepangwa kwa mwaka.

Huyo mmoja tu anatosha kukufungulia chumba kizima. Alizaliwa Ranchuelo, Cuba, mwaka 1928, akapiga na Arsenio Rodríguez na Beny Moré kabla ya kuhamia New York, akapita kwenye bendi za Machito na Eddie Palmieri. Sikiliza anavyoingia kwenye "Choco's Guajira" ndani ya albamu hiyo: hakimbilii noti za juu, anaacha nafasi kati ya kauli moja na nyingine, besi ya Andy González inamjibu, na wimbo mzima unatembea taratibu bila kulegea. Ukishamsikia hapo, fuata jina lake hadi SAR, lebo ya New York iliyoanzishwa mwaka 1979 na Sergio Bofill, Adriano García na Roberto Torres. Hapo ndipo msakaji anapopata mali. Papaíto, Linda Leida, La India de Oriente, Henry Fiol, na piano ya Alfredo Valdés Jr. ikijirudia santuri baada ya santuri. SAR ilirudi kwenye son, mtindo wa zamani wa Kikuba, mwendo wa kati, tres na tarumbeta mbele, kibwagizo kirefu cha kuchezeka. Sikio lililolelewa na rumba ya Kongo au muziki wa dansi wa Tanzania halihitaji kufundishwa hapo. Salum Abdallah wa Morogoro hakuliita kundi lake Cuban Marimba kwa bahati mbaya. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV wa kampuni ya HMV zilikuwa zimeshafika Afrika na kupendwa. Mkondo huo ulirudi pia upande wa pili: Laba Sosseh wa Gambia aliimba na Monguito "El Único" kwenye Salsa Africana, iliyotolewa na lebo ya Sacodis ya Abidjan.

Na hapo kwa Monguito pana mtego. Wako wawili. Monguito "El Único" ni Ramón Quian, mwimbaji wa Kikuba mwenye sauti ya puani. Monguito Santamaría ni mpiga piano, mtoto wa Mongo Santamaría, na muziki wake una bugalú nyingi, yaani mchanganyiko wa mapigo ya Kilatini na soul ya Kimarekani. Discogs hutenganisha majina yanayofanana kwa kuweka namba kwenye mabano baada ya jina, lakini taarifa huingizwa na wanachama, na mara nyingine mtu hubandikwa kwenye ukurasa wa mwenzake. Kabla ya kuamini, fungua picha ya nyuma ya jalada na usome mwenyewe. Kama picha hiyo haipo, orodha ya wapigaji ichukulie kama tetesi. Vilevile kumbuka kwamba santuri nyingi za salsa hazikuorodhesha wapigaji kabisa. Ukurasa mtupu hauna maana kwamba mtu hakupiga. Mpangaji wa muziki mara nyingi hutajwa kwenye lebo ya katikati, chini ya kila wimbo, si kwenye jalada. Louie Ramírez, mpiga vibrafoni na mpangaji aliyefariki mwaka 1993, utampata kwa njia hiyo zaidi kuliko kwa santuri zenye jina lake.

Sasa upande wa miaka, ambako makosa ni mengi. Albamu yenye matoleo kadhaa ina ukurasa mama unaoyakusanya yote, na mwaka unaouona juu ni wa toleo la kwanza, si wa nakala inayouzwa. Lebo ya Tico ilianza mwaka 1948 na ya Alegre mwaka 1956, zote zikaja kumezwa na Fania, lebo kubwa ya salsa ya New York, katikati ya miaka ya 1970, na kazi zao zikachapwa upya kwa jalada lilelile. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuandika 1961 kwa nakala ya 1976 bila nia mbaya. Mwombe picha tatu: lebo ya upande A, nyuma ya jalada, na maandishi yaliyochongwa kwenye sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Hayo ya kuchonga ndiyo yanayotofautisha toleo moja na jingine. Yalinganishe herufi kwa herufi na yaliyomo kwenye ukurasa. Kwa Fania za mwanzo, namba inayoanza na LP peke yake ni mono na SLP ni stereo. Cañonazo ya Johnny Pacheco, ya kwanza kabisa ya lebo hiyo mwaka 1964, ni LP 325. Na jalada la albamu ya 1972 likiwa na msimbo wa mistari wa dukani, hilo ni toleo la baadaye, usilipie bei ya la kwanza.

Daraja za hali zinazotumika ni M (mpya kabisa), NM (karibu na mpya), VG+, VG (nzuri sana), G+ (nzuri kiasi) na kushuka. Kwa salsa zichukuliwe kwa ukali kuliko muziki mwingine. Hizi zilikuwa santuri za sherehe: zilipigwa na sindano nzito zilizochakaa, zikaachwa nje ya mfuko, zikapitishwa mkono hadi mkono. Mikwaruzo ya juujuu inayoonekana kwenye mwanga mara nyingi haina madhara. Kinachoua ni mifereji iliyoliwa na sindano, na hiyo picha haikuonyeshi. Dalili yake husikika kwanza kwenye tarumbeta na tromboni zinapopanda, sauti inapasuka kama spika mbovu, hasa kwenye wimbo wa mwisho wa kila upande, kwa sababu huko karibu na lebo mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ndogo na kila kasoro huzidi. Muulize muuzaji swali moja: umeipiga, au umeitazama tu? Kisha mwombe asikilize dakika mbili za mwisho za upande A. G+ ya salsa usinunue isipokuwa hakuna nakala nyingine duniani unayoiweza. Kuosha hutoa vumbi na mafuta ya vidole. Mfereji ulioliwa haurudi.

Bei: ukurasa huonyesha ya chini, ya kati na ya juu ya mauzo yaliyopita. Muhtasari huo hautenganishi nakala nzima na mbovu, kwa hiyo ingia kwenye historia ya mauzo uone kila moja iliuzwa ikiwa katika hali gani. Weka santuri kwenye orodha ya unazozitafuta na usubiri. Ndani ya miezi kadhaa nakala ya pili au ya tatu huwa na bei ya busara.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, gharama kubwa si santuri, ni usafirishaji. Kifurushi cha santuri moja hukaribia nusu kilo, na ya pili na ya tatu huongeza kidogo tu, basi nunua kadhaa kwa muuzaji mmoja. Weka na ushuru wa forodha kwenye hesabu, usipige hesabu ya bei ya santuri pekee. Kampuni za kupeleka vifurushi mlangoni hazipeleki kwenye sanduku la posta, hivyo weka mtaa, jengo na namba ya simu. Mwombe muuzaji aitoe santuri nje ya jalada, aiweke kwenye mfuko wake wa ndani, na abane vyote kati ya kadibodi mbili ngumu. Ikisafiri ndani ya jalada, hupasua mshono wa juu.

Kabla ya kulipa yote hayo, angalia kama kazi imetolewa upya. Katalogi ya Fania, pamoja na Tico, Alegre na Cotique, tangu 2018 iko chini ya kampuni ya muziki ya Concord, na tawi lake la Craft Latino limezitoa baadhi kwa santuri za gramu 180. Pa' Bravo Yo ya Justo Betancourt, ya 1972, katika toleo hilo ni tulivu na yenye besi iliyoshiba kuliko nakala nyingi za zamani zilizochakaa. Salsoul na SAR hazimo kwenye katalogi hiyo. Kwa hizo, pesa zako zitunze kwa ajili ya nakala ya zamani ya VG+ yenye picha zote tatu.