Parachuti ya Cirrus SR22: inafaa kiasi gani injini ikizimika angani?

Cirrus SR22, ndege ndogo ya injini moja, ina kitu ambacho ndege ndogo nyingine kama Cessna 172 au 206 haitoki nacho kiwandani: parachuti ya kuishusha ndege nzima pamoja na waliomo. Inaitwa CAPS, na imekuwemo tangu ndege hiyo ilipopata cheti mwaka 2000. Tathmini hii inahusu kazi yake injini inapozimika, kwa sababu hapo ndipo rubani hushawishika kujaribu kila kitu kingine kwanza.

Mpini wa kuifyatulia uko darini, katikati ya viti viwili vya mbele. Chomoa pini yake kabla ya kuruka. Pini ikisahauliwa mahali pake, mpini hauvutiki. Unavutwa kwa mikono miwili, kuelekea chini, kwa nguvu ya kilo 20 hivi, na unaendelea kuvuta hadi mwisho. Wanaovuta kwa mkono mmoja, kwa pembe, ndio wanaokwama. Roketi iliyo nyuma ya sehemu ya mizigo hutoka na kuivuta parachuti. Kamba zilizofichwa chini ya ngozi ya bodi huchanika nje, na kwa sekunde kama 8 ndege huning'inia pua chini. Kisha vikata-kamba hufyatuka, mkia hushuka, na ndege hukaa sawa. Rubani asiyejua hilo anaweza kudhani mtambo umeharibika.

Baada ya hapo ndege hushuka kwa futi 1,700 hivi kwa dakika. Kishindo chake ni kama kuangushwa kutoka urefu wa mita 4. Magurudumu huvunjika, na ndivyo yanavyotakiwa, kwa sababu yakivunjika yanameza sehemu ya kishindo. Viti navyo vina sega la alumini chini yake linalopondeka kwa kazi hiyohiyo. Usiweke begi wala kitabu chini ya kiti.

Lakini injini ikinyamaza juu sana, mpini si hatua ya kwanza. Kamata mwendo wa kunyiririka, noti 88 (km 163 kwa saa) katika SR22 za uzito wa ratili 3,400. Kisha badilisha tangi, washa pampu ya mafuta, rekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, fungua njia ya pili ya hewa, hakikisha swichi ya magneto, mitambo miwili ya kutoa cheche, iko kwenye zote mbili. Tangi ndilo la kwanza kushukiwa: SR22 haichoti kutoka mabawa yote mawili kwa pamoja, rubani hubadilisha mwenyewe, na akisahau, injini hufa njaa huku bawa la pili limejaa. Barafu ya kabureta haimhusu, kwa kuwa injini yake, IO-550-N, hupuliziwa mafuta bila kabureta.

Ikigoma kuwaka, na hakuna uwanja unaoufikia kwa uhakika, vuta. Hapa naungana kabisa na mafunzo ya kiwanda. SR22 hutua shambani vibaya kuliko 172, kwa sababu mwendo wake wa chini kabisa kabla ya bawa kupoteza mnyanyuo ni noti 60 hivi, wakati wa 172 ni karibu 48. Nishati ya kugonga huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo hata kabla ya kuhesabu uzito, tofauti hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu. Shimo moja au kichuguu kimoja kinatosha kuipindua.

Kimo ndicho kinachoamua. Katika matoleo ya kwanza, parachuti hula futi 400 kufunguka ndege ikiwa imenyooka, na futi 920 ikiwa imeanza kuzunguka kama pia. G5 (kizazi cha tano cha SR22), iliyo nzito zaidi na yenye parachuti kubwa zaidi, huhitaji futi 561 na 1,081. Kwa hiyo baada ya kuruka, chini ya futi 500 juu ya ardhi (600 kwa G5) tua mbele yako. Kutoka hapo hadi 2,000, vuta mara moja. Juu ya 2,000 una muda wa kutafuta tatizo. Kujaribu kugeuka kurudi uwanjani ukiwa chini kumewaua wengi, na parachuti iliyobaki kwenye mfuko wake haikuwasaidia.

Udhaifu upo. Haiongozwi, upepo unakupeleka unakotaka. Kikomo cha kuifungua kilichothibitishwa ni noti 133, au 140 kwa G5, na iliyofunguliwa kwa kasi kubwa mno imewahi kung'oka. Kwenye nyanda za juu hewa ni nyembamba: kwenye kimo cha Uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hesabu ya kawaida ya msongamano wa hewa inaongeza kasi ya kushuka kwa asilimia 8 au 9. Majini inafanya kazi, kama ilivyoonekana Januari 2015 karibu na Hawaii, mafuta ya akiba yalipogoma kuhamia kwenye matangi makuu. Rubani aliokolewa na meli ya abiria.

Ukishavuta, kata mchanganyiko, funga mafuta, zima umeme, washa kifaa cha kuita waokoaji, kaza mikanda. Ukigusa chini toka upesi, uelekee upande upepo unakotoka, maana parachuti yaweza kuikokota ndege.

Kwa anayenunua SR22 iliyotumika, fungua kitabu cha matengenezo kabla ya kuangalia rangi. Parachuti na roketi hubadilishwa kila miaka 10, vikata-kamba kila miaka 6, na kazi ya miaka 10 hugharimu maelfu ya dola. Tarehe ikiwa karibu, gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Ikiwa imepita, isirushwe.