Nimetibiwa paniki kwa mazungumzo, haya ndo maoni yangu kuhusu hiyo huduma

Wadau habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya yeyote ambaye moyo unamwenda mbio ghafla, jasho linatoka, pumzi inakata, ganzi mikononi, anahisi kabisa anakufa sasa hivi, halafu akikimbizwa hospitali anapimwa kila kitu anaambiwa yuko fiti. Najua mpo wengi maana tangu nianze kuongelea hii kitu kazini kuna watu wananifuata chemba wananiambia na mimi pia kaka. Mimi nimetibiwa kwa mazungumzo, sikumeza hata kidonge, na nataka niwaambie ukilipa unapata nini hasa, nini kilinikera, na nani naona haitamfaa peke yake. Jina la kituo siweki, kiko hapahapa Dar, kuna malalamiko humu na sitaki kumwaribia mtu riziki.

Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, simu haipumui. Hali ilinianza nikiwa kwenye foleni Tazara, nikadhani ni moyo. Nikapimwa ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo), presha, sukari, mpaka tezi ya shingo, vyote safi. Nyumbani mama mdogo akasema "mwanangu hapa kuna mkono wa mtu", na simlaumu, ukiona kijana mzima anashika kifua usiku huku vipimo havioni kitu utasema nini? Daktari mmoja mama mtu mzima ndo alinikalisha akaniambia moyo wako mzima baba, hicho ni kitu kinaitwa paniki, dawa zipo lakini nenda kwanza kaongee na mwanasaikolojia.

Mtu wa kwanza niliyeenda kwake (siyo hiki kituo, ni kwingine kabisa) hata robo saa haikuisha ameshaanza kunihubiria, mara nisali zaidi, mara nipunguze kuwaza, mara wanaume hatutakiwi kuogopa. Jamani mimi nasali. Swala tano siziachi na hapo bado nilikuwa naamka saa nane usiku nahema. Kama ni nasaha za hivyo mashehe wangu wananitosha na hawanilipishi. Nawaambia hili kwa sababu watu wengi wakikutana na mtu wa aina hiyo wanaondoka wanasema tiba ya mazungumzo ni uongo, kumbe hawajaipata bado.

Huyu wa pili ndo nakuja kumsifia. Kikao cha kwanza karibu chote aliuliza tu. Akanipa karatasi mbili, moja ya maswali 9 inayopima sonona (ile huzuni nzito isiyoisha), nyingine ya maswali 7 ya wasiwasi, zinaitwa PHQ-9 na GAD-7, zinatumika dunia nzima, na kila swali unajibu kwa wiki mbili zilizopita, unachagua hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Ile swali la 9 ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Hakuniachia niliweke tiki nipite, aliniuliza kwa mdomo, sauti ileile aliyoniulizia kazi yangu, ananiangalia usoni. Wengi tunaogopa kumuuliza mtu swali hilo tukidhani tutamtia wazo kichwani, ila haliwi hivyo, mtu anayeumia akiulizwa waziwazi mara nyingi anapumua. Kisha akanieleza mapema siri zangu zinabaki kwake isipokuwa pale maisha yangu au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Hapo ndo nikaanza kumwamini, kwa sababu alinitajia na siri hiyo inaishia wapi, hakuniambia maneno matamu tu.

Sasa tiba yenyewe. Alichora duara kwenye karatasi. Moyo unadunda, unajiambia nakufa, mwili unasikia kuna hatari unamwaga adrenalini, moyo unadunda zaidi, unajiambia si nilisema, unazunguka hivyohivyo mpaka unajikuta mapokezi ya hospitali. Akasema haya maelezo yaliandikwa na David Clark, mwanasaikolojia wa Uingereza, mwaka 1986, na tiba ya utambuzi na tabia (wengi wanaiita CBT) kwa watu wa paniki imejengwa sana hapo. Hali yenyewe ni ya kweli, mwili unaitoa kweli, ila haiui, na kinachoifanya ikue ni vile unavyoitafsiri.

Maneno peke yake yasingenisaidia, ningeyasahau nikifika ngazini. Kilichonibadilisha ni kwamba alinifanya niipate paniki palepale ofisini kwake. Kwanza aliniuliza kama vipimo vya moyo nilishafanya, akaviangalia. Halafu akaniambia nipumue harakaharaka kwa dakika moja, yeye yuko na saa mkononi. Kabla hata ya dakika kuisha vidole vinawaka, kichwa chepesi, kifua kimebana, kitu kilekile cha Tazara nimekiona nimekaa kwenye kiti cha plastiki feni inazunguka. Nikashika kiti. Hakunigusa wala kuniambia pole. Alisubiri mpaka ikashuka yenyewe, ndo akaniuliza, "Ulitegemea itokee nini? Na imetokea nini?" Nikaandika kwenye daftari majibu yote mawili kwa mkono wangu. Kikao kingine ilikuwa kupumua kwa mrija wa juisi pua umeibana, kingine kupanda ngazi mbio mpaka ghorofa ya juu na kushuka. Ukisikia unaweza kusema huyu anatesa watu, lakini ndani yake kuna heshima kubwa sana, maana ananichukulia kama mtu anayeweza, wakati kila mtu nyumbani alishaanza kunibeba kama yai.

Halafu kuna kazi za nyumbani na hapa msidanganyike, ndo nusu ya tiba. Mimi nilikuwa natembea na chupa ya maji na aspirini mfukoni, na kwenye foleni lazima niwe naongea na mke wangu kwenye simu. Akanielewesha kwamba hivyo vitu ndo vinaniaminisha kwamba bila hivyo ningekufa. Tukaviondoa kimoja kimoja, simu ndo ilikuwa ngumu kuliko zote, na mke wangu ilibidi aje kikao kimoja aelezwe asinipokelee nikimpigia kutoka kwenye foleni. Alilia mule ndani. Alisema miezi yote alikuwa anaogopa simu yake ikiita. Hilo sikuwa nalijua, na nadhani kile kikao kilitufaa sisi wawili kuliko kitu chochote tulichofanya mwaka huu.

Karatasi ya wasiwasi nilianza na 16 kati ya 21, ya mwisho ilisoma 5. Moyo bado unadunda siku nyingine hasa kontena likikwama na mteja anapiga kelele, ila sasa ukidunda najua ni moyo unadunda, basi, naendelea na karatasi zangu.

Sasa malalamiko. Mapokezi pale jamani! Siku ya kwanza dada ananiita mbele ya watu "wewe ndo umekuja kwa mwanasaikolojia?" ukumbi mzima umegeuka. Mtu amejikaza miezi mpaka kufika pale, unamtangaza hivyo anaweza akageuza akaondoka asirudi tena. Nililalamika, wakaomba radhi na sasa wanaita kwa namba, nimefurahi kwa hilo. Kingine ukuta kati ya chumba cha ushauri na cha jirani ni wa mbao nyembamba, ukikaa kimya unasikia mtu wa upande wa pili anakohoa, na mimi nikasema kama nasikia kikohozi na wao wanasikia yangu. Mtaalamu aliweka redio nje ya mlango, imesaidia kiasi, ila kwa bei ile ukuta mzuri ni haki ya mteja.

Na bei, nililipa 50,000 kwa kikao cha kama saa moja. Miongozo ya Uingereza kwa tatizo la paniki inasema CBT iwe jumla ya saa 7 mpaka 14, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe, siyo hela ndogo hata kidogo. Mimi ukijumlisha nilichotumia kwenye vipimo vya kurudiarudia na teksi za usiku kwenda emajensi naona nimeokoa, ila najua kuna mtu anasoma hapa na hiyo 50,000 ndo chakula cha nyumbani. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo, ulizeni kabla ya kukata tamaa. Na natamani sana watu wetu wangeiga Zimbabwe. Kule daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare, akafundisha bibi 14 wa mtaani kusikiliza watu na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja, wanakaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Utafiti wao ulitoka kwenye JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, mwaka 2016, baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona ni kama asilimia 14 kwa waliokaa na hao bibi, na karibu asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Bibi wenye hekima tunao kila mtaa hapa. Benchi tunazo. Kinachokosekana ni mafunzo na mtu wa kuwasimamia.

Ambaye mazungumzo peke yake hayatamfaa: mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, au amekaa siku nyingi halali kabisa na anaongea vitu visivyoeleweka, huyo aanze kwa daktari, dawa kwanza, mazungumzo yatafuata. Na kama una mawazo ya kujiua usisubiri miadi ya wiki ijayo, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo mwende naye hospitali.

Ukipiga simu kuulizia kituo chochote, muulize mtaalamu tatizo langu unalitibu kwa njia gani na tutajuaje kama napata nafuu. Akikujibu kwa maneno ya kueleweka, nenda. Akianza kukupa mawaidha kwenye simu, kata. Huyu wangu anafanya na kwa video kwa walio mikoani, bei ileile, ila yale mazoezi ya ngazi anataka mwenzako awepo karibu. Natoa nyota 4 kati ya 5, wakijenga ule ukuta naongeza ya tano.